Aliyemo kwenye kioo: picha za mwezini na mipaka ya kuzifukua

Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn alipita juu yetu. Alikuwa ndani ya Friendship 7, Mmarekani wa kwanza kuizunguka dunia, na miongoni mwa vituo vilivyomsikiliza njiani, baada ya Kano kule Nigeria na kabla ya meli iliyowekwa Bahari ya Hindi, kimoja kilikuwa cha Unguja, pale Tunguu. Kituo chenyewe hakikukaa sana. Kulikuwa na wazee wetu waliokipinga, wakihofu kuburuzwa kwenye ugomvi wa mataifa makubwa, na Aprili 1964, miezi michache baada ya Mapinduzi, serikali ikataka kiondolewe.

Kilichonivuta zaidi katika safari ile ni kioo. Glenn alifungwa kifuani kioo kidogo cha mbinuko. Ndani ya chombo kulikuwa na kamera iliyomtazama usoni, na kwa kuwa ilimkabili yeye, isingeweza kuuona ubao wa vipimo uliokuwa mbele yake. Kioo kile kiliurudishia kamera ule ubao. Kila picha ya uso wa Glenn ikabeba pia habari za mashine. Kwa hiyo kusoma yaliyomo kwenye kioo ndani ya picha ya anga kulikuwa kazi rasmi ya mainjinia tangu siku hizo.

Leo kazi hiyo inafanywa na watu waliokaa majumbani na kompyuta zao. Wanachukua picha za Apollo, zile safari za Wamarekani za kwenda mwezini, wanakuza kioo cha kofia ya mwanaanga, kisha wanaikunjua taswira iliyopinda humo mpaka inyooke. Picha inayopendwa kuliko zote ni ile ya Buzz Aldrin, Julai 1969, amesimama wima kwenye vumbi la mwezi. Kioo cha kofia yake, kilichopakwa dhahabu nyembamba na kuviringana kama bakuli lililofudikizwa, kinaonyesha karibu kila kilichokuwa mbele yake: Eagle, chombo walichotua nacho, bendera, na katikati kijitu cheupe chenye kamera kifuani. Huyo ni Neil Armstrong. Kamera ilikuwa mikononi mwake muda mwingi, ndiyo maana picha zake za mnato akiwa mwezini ni chache mno. Mtu wa kwanza kukanyaga mwezi unamtafuta kwenye kioo cha mwenzake!

Wanaoitetea kazi hii wana hoja nzito. Filamu zenyewe zimehifadhiwa kwenye baridi kali huko Houston, na zilipopitishwa upya kwenye skana za kisasa zilitoa undani ambao nakala za magazetini hazikuwa nao. Kuikunjua taswira hakuongezi kitu, kunahamisha tu kilichopo. Na kwenye filamu za mwendo kuna njia nyingine, ya kupanga fremu nyingi za kitu kimoja juu ya nyingine. Ukipita sokoni Darajani asubuhi ukasikia jina lako mara moja katikati ya makelele, utatilia shaka. Ukiitwa mara kumi, utageuka. Chembechembe za filamu ni yale makelele, kila fremu yana sura yake, lakini uso ulio nyuma ya kioo unabaki mahali pake. Zikichanganywa fremu, makelele yanapungua na uso unajitokeza.

Wapo wanaosema picha ya kihistoria isiguswe kabisa. Nawaelewa, lakini hata hiyo ya Aldrin tuliyoizoea imeshaguswa. Armstrong aliipiga kwa kuikata juu, na NASA, shirika la anga la Marekani, ilipoitoa iliongeza weusi wa anga kichwani ili ikae vizuri. Kwa hivyo hoja ya kutoigusa picha hainishiki sana.

Hofu ya pili ni ya wazushi. Mwaka 2017 ilienea video ya mtu aliyedai kuona, kwenye kioo cha kofia katika picha ya Apollo 17, mtu asiyevaa suti ya anga, kwamba basi mwezini hatukwenda, yote yalipigwa studio. Wengi wakarukia: lisemwalo lipo. Walichokiona ni taswira ndogo iliyopindishwa na mbinuko wa kioo, na jicho la binadamu huona watu hata kwenye mawingu. Ila dawa ya uzushi huo ni taswira iliyokunjuliwa kwa utaratibu, hatua zote zikaonyeshwa, kila mtu akairudia mwenyewe.

Hofu ninayoibeba hasa ni ya programu za akili mnemba zinazojaza kisichokuwamo kwenye picha. Mwaka 2020 programu moja iitwayo PULSE, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Duke, ilipewa picha hafifu ya Barack Obama. Ikarudisha uso safi, wa mzungu. Haikufukua chochote. Ilibuni uso unaoweza kulingana na zile pikseli chache, na ikaubuni kutokana na nyuso ilizolishwa.

Nimeliona hilo nyumbani. Tuna picha ya harusi ya bibi yangu, nyeusi na nyeupe. Bibi amekaa kwenye kiti, hina mpaka kwenye viwiko, na nyuma yake kuna kabati la kioo. Ndani ya kioo cha kabati amesimama mwanamme mwenye kanzu na kofia, kichwa ameinamisha kwenye kamera. Mpiga picha. Shangazi alikuwa akitwambia kila Idi: huyo hakuna anayemjua, lakini yumo harusini. Mwaka jana mpwa wangu, kwa nia njema kabisa, akaitia picha ile kwenye programu ya simu. Ikarudi na yule mwanamme ana ndevu zilizochongwa, macho makali na tabasamu. Kwenye picha ya asili uso wake ni doa la kijivu, dogo kuliko punje ya mchele. Hakuna macho mle. Hayakuwahi kuwamo.

Ndipo ninapoweka mpaka wangu. Anayekunjua na kupanga fremu anatumia mwanga uliofika kwenye filamu siku ile, na namuunga mkono, mradi aweke picha ya asili kando ya yake na aandike alichofanya. Programu inayotia macho pale penye doa imeuacha ushahidi, na kazi yake isiitwe urejeshaji. Wataalamu wa picha za mwezi wakikosea, filamu ziko Houston, watu watarudi kuangalia. Sisi wa visiwani, picha nyingi za wazee wetu zimebaki nakala moja, kwenye mkebe wa biskuti.

Shangazi ameitia fremu ile ya asili. Hiyo ya simu inaendelea kuzunguka kwenye makundi ya ukoo, na wiki iliyopita imefika Muscat, ambako tayari kuna mtu amemtambua yule mwanamme na kumpa jina.