Wanamuenzi Siti, wanamsahau mgeni wa Kijiti

Usiku mmoja nilikaa viti vya nyuma kwenye onyesho la taarabu asilia hapa Unguja, la kumuenzi Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa zama za ukoloni. Fidla zikaanza, kanuni ikajibu, na mwimbaji akaingia na "Kijiti". Ukumbi mzima vigelegele. Mama mmoja wa makamo, baibui limemshuka mabegani, akainuka na noti ya elfu kumi, akajongea taratibu akijitikisa mpaka jukwaani, akamtuza mwimbaji. Alimfikia kwenye maneno ya maiti.

Simlaumu yule mama. Mahadhi yale yanamwinua hata mwenye goti bovu. Lakini tangu usiku ule najiuliza huku kuenzi kwetu kunaenzi nini hasa.

Kwa asiyeujua, "Kijiti" ni wimbo wa mauaji. Mwanamke mjamzito, mgeni kutoka Dar es Salaam, alichukuliwa matembezini Unguja na mwanamume wa jina hilo. Pombe ya tende ilikuwepo. Walikwenda maguguni, mgeni akarudi maiti. Kijiti akavuka bahari, akaponyoka. Mahakama ya mkoloni ilibaki na mashahidi, na hasira za jaji zikawashukia wao. Upo ubeti ambamo marehemu mwenyewe ndiye anayesema, anajuta kwa nini aliitikia alipoambiwa twende. Watu wa Ng'ambo, mitaa ya watu wa kawaida ya mji wa Unguja, hawakuwa na gazeti la kuwasemea wakati ule. Walikuwa na Siti.

Habari zake nyingine zinajulikana. Alizaliwa Fumba mwaka 1880, akapewa jina la Mtumwa, akauza vyungu, akahamia mjini 1911. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri za kampuni ya His Master's Voice. Akafariki 1950. Shaaban Robert akamwandikia wasifu, na wanahabari wanawake wa TAMWA wakaliita jarida lao Sauti ya Siti. Kwa heshima za namna hiyo hatujambo. Tunapogombana ni kwenye nyimbo zenyewe: aimbwe vipi?

Wapo wanaosema aimbwe vilevile. Ala ziwe zilezile, udi uwe udi, ngoma ya dumbak iwe dumbak, na mwimbaji ayatamke maneno kama yalivyotamkwa. Watu hawa huitwa wazee wa kung'ang'ania mambo ya kale, na mimi nimewahi kuwaita hivyo, ila wana hoja nzito. Wimbo wa Siti ni shairi kwanza. Mizani ikivunjwa na kina kikimezwa, kinachopotea ni maana, maana kina ndicho kilichomsaidia msikilizaji wa 1928 kuubeba ubeti kichwani hadi nyumbani. Nimesikia bendi za mahotelini zikiupiga "Kijiti" kinanda kikiwa juu hivi kwamba lililobaki kusikika ni lile jina tu. Mgeni anayekula pweza wake atajuaje kwamba anaimbiwa kifo?

Upande wa pili wanauliza: vilevile ipi? Na hapa ndipo mambo yanapokuwa matamu. Upande mmoja wa santuri za siku zile ulibeba kama dakika tatu tu. Taarabu ya Siti na wenzake, akina Mbaruk Effandi, Maalim Shaaban, Subeti Ambar na Budda Swedi, ilipigwa usiku kucha nyumbani kwake Ng'ambo, watu wamekaa, beti zinaongezwa kwa tukio la jana au kejeli ya leo. Kilichosafiri kwenda Bombay ni kipande kilichokatwa kikaenea. Anayekishika kipande kile kama msahafu ameshika picha ya pasipoti akidhani ndiye mtu.

Kisha yupo Bi Kidude, mwimbaji mkongwe wa Unguja, ambaye peke yake ni jibu. Alijifunza nyimbo za Siti kwa kumsikiliza, lakini hakuiga sauti yake. Alizipitisha kwenye koo la ngoma ya unyago na msondo, sauti ya mkwaruzo iliyozoea sigara, akapanga beti alivyotaka. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, ya muziki wa dunia. Uzeeni akaimba "Ahmada" na vijana wa kundi la Offside Trick, na watoto waliokuwa hawajui taarabu ni nini wakamjua bibi. Alipofariki Aprili 2013 sikumsikia mtu akisema aliziharibu nyimbo za Siti. Kitukuu cha Siti, Siti Muharam, alitoa albamu mwaka 2020 kwa lebo ya Uingereza, ala za kisasa zikiwa bega kwa bega na za taarabu. Wazee wa vilevile wakimkataa yeye, itabidi watueleze kwa nini walimkubali Bi Kidude.

Mimi niko karibu zaidi na upande huu wa pili. Lakini naona kambi zote mbili zinabishana kuhusu kinanda na kuliacha lile lililoutunga wimbo. Wa vilevile watakuimbia beti zote kwa matamshi safi, wasikwambie neno la kisa. Wa kisasa watabakisha ubeti wa kwanza kwa sababu unanata masikioni, wakatupa jaji na mashahidi. Ladha mbili, usahaulifu mmoja.

Najua nitajibiwa kwamba ukumbi wa starehe si mahakama, na kwamba hata watu wa Siti walicheza na kutuza. Kweli, walicheza. Ila wao walikuwa wanajua. Kijiti kwao hakuwa jina la wimbo. Alikuwa mtu aliyewakimbia, na wapo waliojua mlango wa kwao. Kumwimba kulikuwa kumshitaki upya kila usiku, mahakama iliposhindwa. Sisi tumerithi mashitaka bila kesi. Wimbo unasema Kijiti alimchezesha mgeni foliti; kijana wa leo akilisikia neno hilo anafikiria watoto wanaokimbizana. Na katika beti ninazozijua, muuaji ana jina, mashahidi wana majina, marehemu anaitwa mgeni tu.

Kuueleza wimbo kunahitaji sentensi nne. Usiku ule mshereheshaji alishika maikrofoni mara nyingi: kuwashukuru wageni rasmi, kumtangazia mwenye gari aliyeziba njia, kuwaomba watu wakae. Kijiti alimtaja mara moja, kama namba inayofuata kwenye orodha.

Tulipotoka nilifuatana mlangoni na binti aliyekuwa mstari wa mbele yangu, aliyeimba kila neno tangu mwanzo hadi mwisho bila kukosea. Nikamwuliza, mwanangu, huyu Kijiti ni nani?

"Si yule mpenzi wake Siti?"