Sikulia, Nilikwama

Kabla hamjaendelea kumsikiliza yule rafiki yangu (anajijua) anayewaambia eti nililia maktaba, naomba niweke sawa: sikulia. Nilikwama. Machozi yalikuwa ya plastiki kunifinya.

Jumamosi ya maktaba ndogo mnaijua. Mlango haujafunguliwa, wanafunzi wameshapanga foleni, na ukifunguliwa hawakimbilii vitabu, wanakimbilia soketi. Wazee wa magazeti nao wana viti vyao. Ukikalia kimoja unatazamwa mpaka unahama mwenyewe. Saa tano watoto na hadithi zao. Baada ya hapo ni kusinzia tu mpaka taa zianze kuzimwa.

Mimi nilifika saa nne na nusu, yaani nimeshachelewa. Nikachukua kitabu changu rafu ya 613 (wanaojua namba za maktaba wameshaanza kucheka), nikazunguka weee, hamna pa kukaa. Kona ya watoto tu ndiyo tupu. Viti vya plastiki, vyekundu, vina mikono. Nikasema dakika tano.

Kuingia niliingia vizuri. Watoto wakaja kama kumi na watano, wakanizunguka mkekani. Dada mkutubi akanitazama, akadhani nimeleta mtoto. Nikatabasamu kama mzazi.

"Paukwa!"

"Pakawaaa!"

Nikaona ndiyo nafasi, kelele zitanificha. Nikainuka. Kiti nacho kikainuka.

Nikakaa. Nikajaribu kuanza na upande wa kushoto. Kiti kikalia kwiiik. Dada anaendelea: kaondokea chanjagaa, kajenga nyumba kakaa. Mwenzenu ndiye niliyekaa! Nikashika ile mikono, nikaisukuma chini, nikavuta tumbo, nikaacha kupumua. (Wenye nyonga za kawaida mnyamaze, hili haliwahusu.) Nikainuka tena, polepole, nimeinama kama natafuta sarafu, miguu minne ya kiti inatazama ukuta. Hatua moja. Ya pili. Nikajipa moyo kwamba nikifika nyuma ya rafu nimepona.

Katoto ka mbele kabisa, hata miaka mitano sidhani, kakanyoosha kidole:

"Anti, mbona anko amevaa kiti?"

Magazeti yote yakashuka kwa mpigo.

Mengine yalikwenda haraka. Wanafunzi wawili, mmoja kashika kiti, mwingine kanishika mimi, pwa! Watoto wakapiga makofi, wakidhani ni sehemu ya hadithi. Kitabu kikaanguka. Mzee mmoja akakiokota, akasoma jalada lote taratibu, la kupunguza uzito, akanitazama nyonga, akanikabidhi kwa mikono miwili kama cheti. Rafiki yangu alikuwa pale kwenye soketi. Simu yake ilikuwa na chaji ya kutosha, kwa bahati mbaya.

Kitabu nilikiazima, ningefanyaje. Kinatakiwa kurudi Jumamosi ijayo. Nani anapita upande ule?