Uniti za Luku Kuisha Si Umeme Kukatwa

Nyumba ya dada yangu pale Gungu, mjini Kigoma, ilihitaji kuondolewa boksi la zamani la fyuzi na kufungwa jipya la sakiti breka. Fundi alipoona kwenye rimoti ya Luku, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, kwamba uniti zimeisha, alishika bisibisi na kusema kazi inaweza kuanza kwa kuwa waya hazina moto. Nilimzuia, kwani mpwa wangu alikuwa ameketi sebuleni na simu mkononi, akiwa na tokeni ya tarakimu 20 anayotaka kuibonyeza, na mita ikiikubali, volti 230 zingerudi papo hapo kwenye waya ambazo fundi ameziachia wazi mikononi mwake.

Kuzima meinswichi nako hakutoshi kwa kazi hii. Swichi hiyo hukata umeme unaokwenda vyumbani, lakini waya zinazotoka kwenye mita na kuingia juu yake hubaki na moto, na boksi haliwezi kung'olewa bila kuzigusa. Ndiyo maana ninashikilia kwamba umeme ukatwe kabla ya mita, kazi ambayo ni ya shirika la umeme, TANESCO, peke yao, kwa maombi ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Mwenye nyumba asikubali lakiri ya mita ikatwe kinyemela ili kuokoa nusu siku.

Hapa kwetu kuna jambo jingine. Mkoa huu uliishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli, na mpaka leo nyumba nyingi zina jenereta dogo au sola yenye inveta, ambayo hujiwasha yenyewe umeme wa nje unapokatika na kurudisha moto kwenye boksi lile lile. Kwa dada, inveta ilizimwa na kutenganishwa na waya za nyumba, na mlango wa chumba cha inveta hiyo ukafungwa kwa kufuli, ufunguo akakaa nao fundi.

Watu wa TANESCO walikata umeme saa nane mchana. Fundi alipima kwanza soketi ya jirani ili ajue multimita yake ni nzima, kisha akapima boksini: laini (waya ya moto) na nyutro (waya ya kurudisha umeme), laini na ethi (waya ya ardhini), nyutro na ethi. Zote zilisoma sifuri. Akarudi kwa jirani kupima tena, kwa sababu kipimo kilichokufa nacho husoma sifuri, na hapo ndipo alipolegeza skrubu ya kwanza.