Kata Tu, Shemeji

Msimu wa korosho ukifika Tandahimba, kila mwenye chombo cha magurudumu anajikuta ana ukoo mkubwa. Mimi nina pikapu. Hesabu ya ndugu zangu kadirieni wenyewe.

Pikapu yenyewe haina tatizo, ina mdomo tu. Bampa la mbele ni plastiki tupu, limening'inia chini utadhani gari linataka kunusa ardhi. Kwenye lami halina neno. Ila ukiacha barabara kubwa ukashika njia za mashambani, mvua za kwanza zimeshachimba makorongo, bampa linaanza kulima. Kwaruuu! Kila tuta linachukua haki yake. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ambaye hata baiskeli hajawahi kumiliki lakini hakuna gari asilolijua, alisikiliza ule mkwaruzo mpaka ukamchosha.

"Kata tu, shemeji. Mzigo wa bure ule."

Fundi tuliyempata pale mjini Tandahimba hajawahi kuiambia kazi yoyote haiwezekani. Akapiga magoti, akachungulia chini, akagonga plastiki kwa kucha.

"Njomba, huu ni urembo. Bampa lenyewe liko ndani, chuma hiki hapa, hicho hatukigusi. Huu urembo nakukatia sasa hivi, hata chai yako haijapoa."

Hapo alisema kweli, chuma cha ndani ndicho kinachopokea kishindo ukigonga. Tukaafikiana. Chaki hakuwa nayo, akaokota kipande cha mkaa jikoni kwa mama ntilie jirani, akachora mstari. Akawasha grenda.

Sasa, grenda yenye diski ya chuma haikati plastiki, inaiyeyusha. Fundi alianzia pembe ya kushoto, anasonga mbele kwa madaha, nyuma yake plastiki inashikana tena. Kufika katikati akageuka kutazama kazi yake, hakuona alama ya kukatwa, ameona uvimbe. Nyuzi nyeusi za plastiki zimemganda kwenye vinyweleo vya mkono, anazibandua moja moja huku ananitazama mimi, kana kwamba plastiki niliileta na ubishi wake kutoka nyumbani.

"Kandamiza zaidi," akasema shemeji, aliyekuwa ameshika chapati.

Fundi akakandamiza. Kushoto kukaachia. Katikati kukaachia. Akafika pembe ya kulia akakandamiza kwa hasira ya kule kote alikotoka.

Nyuma ya pembe ile linakaa tangi la maji ya waipa. Asubuhi yake nilikuwa nimelijaza maji ya sabuni ya unga, maana vumbi la njia zile halitoki kioo kwa maji matupu. Diski ikapita mle bila hodi. Maji yakaruka na povu, yakampata fundi usoni.

"Mafuta! Mafuta!"

Akaitupa grenda ingali inazunguka. Ikaanza kucheza sakafuni, inaruka huku, inarudi kule, inaburuta waya wake kuelekea kwenye meza ya chapati. Gereji nzima ilitawanyika. Shemeji alimpita fundi, akawapita vijana wa bodaboda, na chapati hakuidondosha. Aliyebaki ni mama ntilie. Akachomoa plagi ukutani, akachovya kidole kwenye lile dimbwi, akanusa.

"Mafuta gani yananukia kufua?"

Kisha akaleta sufuria zake mbili akazisugua palepale, povu lisipotee bure.

Gari lilitoka pale na mdomo wa juu tu. Watoto njiani walicheka, lakini nitasema haki: kazi ilifanya kazi. Korongo la kwanza, ambalo kila siku lilikuwa linatukwaruza, pua ilipita bila kugusa hata kijiti. La pili hivyo hivyo. Shemeji akaanza kujipongeza kwa sauti. Tukapakia magunia ya mama mkwe, tukayafikisha ghalani kwenye chama cha msingi, na wakati wa kurudi tukakuta korongo la tatu. Zamani bampa lilikuwa likigusa tu nasimama, natafuta njia nyingine. Safari hii hapakuwa na wa kunionya. Pua ikapita, tairi za mbele zikapita, halafu tumbo, kule nyuma kwenye difu linalozungusha tairi, likakaa juu ya tuta, gari likatulia kabisa. Tairi zinazunguka, mchanga unaruka, mabibo yaliyooza pembeni yanaruka nao.

Dereva wa Fuso aliyetuvuta alianza kwa kulizunguka gari kimya.

"Nani kakudanganya? Ukikata pua umesaidia pua. Difu liko palepale. Difu hata uongeze majani ya springi halipandi, linapandishwa na tairi kubwa tu."

Nikamtafuta shemeji. Alikuwa anafunga kamba kwa bidii ambayo sijawahi kuiona kwake.

Karibu na Nanyamba, trafiki akatusimamisha.

"Namba ya mbele iko wapi?"

"Iko kwenye bampa, afande," akawahi shemeji.

"Bampa liko wapi?"

"Tandahimba."

Afande akainama, akaona mstari wa mkaa uliosalia upande mmoja, akaupitishia kidole. Akaandika faini ya shilingi 30,000, na alipokuwa anaandika mabega yalikuwa yanamtikisika.

Kesho yake nikarudi kwa fundi kufuata namba. Kile kipande alikuwa amekigeuza juu chini uani kwake, kikawa kihori cha bata. Pumba zimejaa ndani, mama bata na wanawe wamejipanga, na kibao changu cha namba kiko mbele kinang'aa, kimeoshwa vizuri kuliko kilivyowahi kuoshwa na mimi.

"Namba chukua, njomba," akasema fundi, akitafuta bisibisi. "Bampa niachie. Bata wameshalizoea."