Simu peke yake haijaua gazeti

Mwandishi wa makala moja anasema simu ndizo zilizoua magazeti yetu. Hiyo ni nusu ya ukweli. Toleo la gazeti linalokwenda mikoani hukamilishwa mapema ili magari yawahi barabara, maana Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar. Kinachotokea usiku hakimo. Na hapa mjini? Habari ya mtaro ulioziba Mbagala ndiyo ya kwanza kung'olewa ukurasani tangazo la zabuni likiingia dakika za mwisho, kwa sababu tangazo ndilo linalolipa karatasi na wino. Muuzaji naye huchukua nakala chache, maana wapita njia husoma vichwa vya habari mezani bure (redio nazo huvisoma asubuhi). Wa Temeke, habari za kata yenu mnazipata wapi siku hizi?