SHA iige Japani kwanza, Marekani baadaye

Tangu Oktoba 2024 SHA, mamlaka ya bima ya afya ya Kenya, inalipa hospitali kwa njia mbili zinazovutana. Mama akijifungua kwa njia ya kawaida, hospitali hupata shilingi 10,000. Akipasuliwa, 30,000, alale siku mbili au sita. Mgonjwa wa nimonia naye hulipiwa kila siku anayolala, kiwango kikifuata ngazi ya hospitali. Kwa hiyo mama anaharakishwa kwenda nyumbani, na wa nimonia aliyepona Ijumaa anaruhusiwa Jumatatu.

Wanaotaka malipo ya kisa, yaani bei moja kwa ulazwaji mzima, kwa kila ugonjwa hutaja Medicare, bima ya serikali ya Marekani kwa wazee, ambayo mwaka 1983 ilianza kulipa kwa makundi ya wagonjwa yaliyobuniwa Chuo Kikuu cha Yale. Kila kundi lina uzito wake, yaani namba inayoonyesha ukubwa wa gharama, unaozidishwa kwa bei ya msingi. Tuchukue tarakimu za kubuni: bei ya msingi ikiwa 20,000, nimonia ya uzito 0.8 inalipwa 16,000. Figo zikishindwa pia na uzito ukapanda hadi 1.5, inalipwa 30,000. Tangu mwishoni mwa 2007 mengi ya makundi hayo hugawanywa kwa ukali: bila matatizo ya ziada, yenye matatizo, na yenye matatizo makubwa.

Ukali ndio unaokosekana katika bei zetu za uzazi. Mama mzima aliyepasuliwa kwa sababu mtoto amekaa vibaya, na mwenye kifafa cha mimba anayehitaji dawa ya magnesiamu na muuguzi wa kumpima presha usiku kucha, wote ni 30,000. Kituo kidogo cha Kayole kikimpokea huyo wa pili, hesabu yenyewe inakiambia kimwandikie rufaa ya hospitali kubwa za Nairobi, Pumwani au Kenyatta, hata kama daktari wa kumpasua yupo.

Mbona basi tusichukue mfumo wa Marekani mzima mzima? Kwa sababu ya faili. Programu ya kupanga makundi hula utambuzi (jina la ugonjwa alioupata daktari) wa pili, wa tatu na wa nne, kila mmoja na namba yake maalumu. Daktari akiandika nimonia tu na kuacha kisukari na figo, afisa wa rekodi hana haki ya kuviongeza, na mgonjwa huangukia kundi jepesi. Mwanzoni hospitali inapata hasara kwa uvivu wa kalamu. Baadaye inajanjaruka, na ghafla kila anayelazwa ana upungufu wa damu. Medicare yenyewe ilibidi ipunguze viwango baada ya 2008 kufidia uandishi uliopanda kuliko ugonjwa.

Thailand iliziba mwanya huo kwa fungu lisilozidi: fedha za wagonjwa wa kulazwa hugawanywa kwa jumla ya uzito wote. Uzito ukivimba, bei ya kila pointi ya uzito inashuka. Serikali inalala bila wasiwasi wa bajeti, ila hospitali iliyoandika ukweli inakatwa pamoja na iliyodanganya, kwa hiyo ukaguzi wa faili bado unahitajika. Ujerumani ilijifunza jingine: wauguzi wakiwa ndani ya bei ya kisa, ndio wanaopunguzwa kwanza. Mwaka 2020 gharama ya wauguzi wa wodini ilitolewa humo na kulipwa kando.

Mimi ningeanza na Japani. Tangu 2003 hospitali zake kubwa hulipwa kwa siku, lakini kiwango cha siku kinategemea utambuzi na kinashuka kwa hatua kadiri mgonjwa anavyokaa; upasuaji hulipwa kando. SHA tayari inalipa kwa siku, kwa hiyo mabadiliko ni madogo: chagua magonjwa kama kumi yanayojaza wodi, weka siku za kwanza juu, zinazofuata chini. Kinachohitajika ni utambuzi mkuu mmoja ulioandikwa vizuri.

Upasuaji wa uzazi nao upewe ngazi mbili tu, ya juu ikidaiwa kwa kuambatisha chati ya presha au kipimo cha damu. Na anayerudi kulazwa kwa ugonjwa ule ule ndani ya siku saba ahesabiwe kisa kilekile, siku zake ziendelee pale zilipoishia. La sivyo, hospitali itamruhusu Jumanne na kumlaza upya Alhamisi kwa kiwango cha juu.