Swali Dadisi Litoke kwa Mtoto

Tangu mtaala wa umilisi uanze kutekelezwa kote nchini Kenya mnamo Januari 2019, kuanzia chekechea hadi Gredi ya Tatu, andalio la somo limekuwa na nafasi ya maswali dadisi, yaani maswali ya kumchochea mtoto afikiri na kuchunguza. Kadiri ninavyozidi kuijaza nafasi hiyo, ndivyo ninavyoamini kwamba tunaitumia vibaya. Swali ambalo mwalimu amelinakili usiku, akalisoma darasani asubuhi, kisha akalijibu mwenyewe kabla ya dakika 30 za kipindi kwisha, halijamfanya mtoto adadisi lolote.

Nililiona hilo katika Shughuli za Mazingira. Nilikuwa nimeandika ubaoni kwamba mmea unahitaji maji, hewa, mwanga na udongo, na watoto walikuwa wanakariri pamoja nami, msichana mmoja aliponyoosha mkono na kuuliza: "Mwalimu, mbona maharagwe ya nyanya yangu yaliota ndani ya gunia?" Paa lilikuwa limevuja, gunia likalowa, na maharagwe yakaota gizani bila udongo wowote. Sikumjibu. Tulitandika pamba yenye maji katika mikebe miwili, tukaweka maharagwe, mkebe mmoja tukauacha dirishani na wa pili tukaufungia kabatini. Kabla ya hapo kila mtoto alitaja anachokitarajia, na karibu wote walisema kwamba ya kabatini hayataota.

Yaliota, tena baada ya siku kumi hivi yalikuwa marefu kuliko ya dirishani. Watoto walibishana sana kuhusu mche upi ulio bora, hadi mvulana mmoja alipoushika ule wa gizani kwa vidole viwili, mweupe na mwembamba, majani yake madogo yakiwa ya manjano, ukainama papo hapo. "Huu ni mrefu lakini hauna nguvu," alisema. Hapo ndipo nilipowaeleza kwamba mbegu huja na akiba yake ya chakula, kwa hiyo haihitaji mwanga ili iote, bali mche huuhitaji akiba hiyo inapokwisha. Maelezo hayo yalipata pa kukaa kwa sababu yalijibu jambo ambalo tayari lilikuwa linawasumbua. Swali lililofuata hata sikulitarajia: tukiutoa nje, utageuka kijani? Tuliutoa, na baada ya siku chache ulianza kugeuka.

Kazi hiyo ilichukua muda mrefu kuliko uliopangwa katika azimio la kazi, na niliambiwa kwamba nimechelewa. Ningechelewa tena.

Sisemi kila kitu kifundishwe hivyo. Hakuna mtoto atakayegundua mwenyewe kwamba sauti ya kwanza katika neno "ng'ombe" huandikwa kwa ritifaa, ile alama ('), wala kwamba ritifaa hiyo ndiyo inayotenganisha ng' na ng ya "ngoma". Hayo ni makubaliano ya watu, na mwalimu anapaswa kuyafundisha waziwazi na kuyarudia. Wala mradi ambao mama amekesha akiukata na kuugandisha kwa gundi si udadisi wa mtoto, hata ukipendeza namna gani ukutani.

Jambo linaloniuma zaidi ni lugha. Sera inaruhusu lugha ya eneo itumike kufundishia hadi Gredi ya Tatu, lakini bado kuna madarasa ambamo mtoto wa miaka sita huambiwa arudie swali lake kwa Kiingereza kabla ya kusikilizwa. Anaketi, na siku inayofuata hanyooshi mkono. Yule msichana wa gunia aliniuliza kwa Kiswahili kilichochanganyika na lugha ya kwao, na kama ningemsahihisha sentensi kwanza, tusingeuona ule mche mweupe.

Nawaomba wanaokagua maandalio yetu waache nafasi ya maswali dadisi ijazwe baada ya kipindi, kwa maneno ya watoto wenyewe, na waanze kusoma hapo.